Mombo si pa kuchimba dawa tu

 

Leo nina swali moja tu, nalo nitalijibu kwa nafasi. Limetoka kwa mdogo wetu wa hapa hapa Makorora, Tanga. Yeye na wenzake wana kikoba. Mwaka umekwisha, wamevunja, kila mtu kapata haki yake. Safari hii wamekubaliana kila mmoja atoe kidogo watoke pamoja, walale hata usiku mmoja nje ya mji. Wapo waliosema Zanzibar, wapo waliosema Dar es Salaam ili wapitie na Kariakoo. Yeye akasema Mombo. Kikao kizima kikaangua kicheko. "Mombo si pa kuchimba dawa tu? Nani anakwenda kutembea Mombo?" Sasa ananiuliza kama na mimi namwona kachanganyikiwa.

Sikuoni hivyo, mdogo wangu. Nakuona umewatangulia wenzako. Rudi kikaoni, peleka tena hoja yako, na haya ninayokuandikia wasomee kwa sauti.

Tuanze na Mombo yenyewe, maana wengi wetu tunaijua usingizini. Unatoka Arusha au Moshi, umesinzia, shingo imekaa vibaya, unasikia basi linapunguza mwendo na utingo anapiga bodi: "Dakika ishirini! Kula, kuchimba dawa!" Unashuka miguu imevimba. Joto la pale si letu. La Tanga lina unyevu na upepo wa bahari; la Mombo ni kavu, linakupanda kutoka chini. Unakimbilia choo cha kulipia, unanunua chipsi kuku, unarudi kitini, simu mkononi. Umepita Mombo tangu unabebwa mgongoni, na ukiulizwa kuna nini pale, huna la kusema zaidi ya chipsi.

Safari ijayo, kabla hujaingia foleni ya chakula, simama pembeni ya basi uinue macho. Upande mmoja ni nyika: tambarare, mibuyu, mkonge, vumbi jekundu, mpaka macho yachoke. Upande wa pili mlima umesimama wima, umeanzia hapo hapo nyuma ya maduka, mawe katikati, kijani juu, na asubuhi ukungu umeufunika kichwa. Huo ndio Usambara. Mombo imekaa mguuni pake, na ndiyo sababu mji ule ukawapo. Barabara kuu inaendelea Same, Moshi na Arusha; ndogo inaiacha hapo na kupanda Lushoto, kilomita 33 za kona tupu.

Hata reli ilipajua. Reli yetu hii ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893, ikafika Korogwe mwaka 1902, na mwaka 1905 ikawa Mombo. Moshi ilifika mwaka 1911. Wajerumani walipokuwa wanajenga Lushoto, ambayo wao waliiita Wilhelmstal, mizigo ilishushwa Mombo ndipo ipandishwe mlimani. Kwa hiyo watu wamekuwa wakipumzika pale, wakila pale na kubadilisha chombo pale kwa zaidi ya miaka mia moja. Anayesema Mombo hakuna kitu ana maana kwamba hajawahi kushuka akatulia.

Wenzetu wa mbali vituo kama hivi wanavithamini. Australia kuna barabara inakatiza nyika ya Nullarbor, hakuna mji wala kijiji kwa masafa marefu, kuna vituo vya mafuta tu vyenye mgahawa na vyumba vichache vya kulala. Mtu anaingia kujaza mafuta. Lakini kimoja cha vituo vile kiko karibu na mwambao ambako nyangumi hufika kuzaa na kunyonyesha kati ya Mei na Oktoba, basi watu wanafunga safari kwenda pale pale penye pampu ya mafuta, wanalala, wanatazama nyangumi. Na si lazima twende mbali hivyo. Hapo jirani Kenya kuna Mtito Andei, kati ya Mombasa na Nairobi, mabasi yanasimama watu wale, na lango la Tsavo Magharibi liko hapo hapo kando ya barabara. Wangapi wamekula wali maharage pale mara chungu nzima bila kuligeukia hilo lango? Ugonjwa ni ule ule.

Sasa tuje kwenye safari yenu.

Ondokeni asubuhi na mapema, stendi ya Kange. Kutoka Makorora bajaji watatu watatu, msibanane wanne na mabegi. Tafuteni gari lolote la Lushoto, Moshi au Arusha, mshukie Mombo. Kaeni madirisha ya kulia. Jua la asubuhi litawapiga kidogo, vuteni mtandio, vumilieni, kwa sababu milima yote itakuwa upande huo: kwanza Usambara ya Mashariki mkiwa Muheza, kule kwenye msitu wa Amani, kisha Usambara ya Magharibi baada ya Korogwe.

Njiani msilale. Muheza mtayaona machungwa yamepangwa mafungu kando ya barabara. Mkifika Hale mjue kuna bwawa la umeme kwenye Mto Pangani, lilianza kazi mwaka 1964. Kuanzia hapo ni mkonge, mistari na mistari. Mmea ule si wa kwetu. Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani, na huku kwetu ukashika ardhi mpaka nchi ikawa inauuza nje kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Babu zetu wangapi walikuja Tanga kwa ajili ya mkonge? Mitaa yetu ya Makorora na Ngamiani imejaa wajukuu wa watu waliotoka Kigoma, Songea, Msumbiji na Burundi wakiwa manamba. Kwa hiyo ukipita pale kati, tazama kwa heshima. Ni jasho la watu wenu.

Segera ni kama kilomita 70 kutoka Tanga, na hapo njia ya Dar inatuacha. Korogwe mtapita, msishuke. Mbele yake barabara inajiegemeza kwenye mlima, na hapo ndipo nataka mweke simu kwenye mkoba.

Mombo mshuke na mizigo yenu yote. Msimwambie dereva awasubiri. Acheni basi liondoke! Hapo ndipo safari inapoanza, na mtaona jinsi mahali panavyobadilika pale ambapo hakuna mtu anayewapigia honi. Kaeni kwenye mgahawa, agizeni chakula cha moto, kilichopikwa mbele yenu. Supu ya asubuhi na chapati inatosha. Vyakula vilivyokaa kwenye kabati la kioo tangu jana viacheni, hata kama vinang'aa mafuta. Muulizeni muuzaji kimetoka jikoni saa ngapi. Hana sababu ya kununa.

Halafu watazameni wauza matunda wanavyofanya kazi. Basi likiingia tu, wanalizunguka. Mama ana beseni kichwani, ndani mapeasi ya kijani, maplamsi mekundu, mafyulisi yenye manyoya kama shavu la mtoto, kila fungu kwenye mfuko wake. Analishusha beseni, analiinua tena kwa mkono mmoja mpaka usawa wa dirisha. Mkono wa pili unapokea noti, unaingia kwenye pindo la khanga, unatoka na chenji. Basi limeshaanza kusogea, naye anakwenda nalo, hatua ndefu, bado anahesabu. Akikosa kuifikia ile pesa, mzigo umeondoka bure. Nimeona abiria wanachukua mfuko na kuvuta muda mpaka gari linachanganya, kisha wanacheka. Wadogo zangu, huo ni wizi. Ukitaka kununua, shika pesa mkononi kabla hujaita, na iwe ndogo ndogo. Matunda yale hayaoti Mombo, joto haliruhusu. Yameshuka na Costa kutoka kwenye baridi huko juu, na yule mama ameamka usiku kuyapokea. Bei yake ni halali yake.

Hata karoti na kabichi mnazobishania bei pale soko la Makorora, nyingi zimepita hapo. Soko letu lina baba yake, na baba yake anakaa mlimani.

Kutoka Mombo kwenda juu kuna Costa na Noah. Nawasihi chagueni Costa. Noah inajaza watu kupita kiasi na dereva anashindana na saa. Barabara ile ni lami, ni nzuri, lakini upande mmoja ni mwamba na mwingine ni bonde. Mkimwona dereva anakimbia, semeni. Semeni wote kwa pamoja. Mwanamke mmoja akisema ataambiwa ni mwoga. Wakisema kumi, mguu utatoka kwenye mafuta. Na anayetapika kwenye kona akae mbele, ale kidogo, atafune tangawizi, atazame mbali asitazame simu. Wakati wa masika, yaani Machi mpaka Mei, mlima ule unateleza na wakati mwingine udongo unashuka mpaka barabarani, kwa hiyo mvua ikiwa kubwa ahirisheni. Hakuna kikoba kitakachokufa kwa kuahirisha wiki mbili.

Kupanda kule ndiko kunakonifanya niwaandikie haya yote. Mombo mmeacha jasho linatiririka mgongoni. Kona chache, masikio yanaziba. Upepo wa dirishani unabadilika, unaanza kuwa na harufu ya mkaratusi na moshi wa kuni mbichi. Mibuyu imekwisha, migomba imeanza. Mteremko mzima umelimwa, vishamba vya matuta vimepandana mpaka juu kabisa, na unajiuliza mtu anasimamaje kwenye shamba lile bila kuanguka. Halafu mnawaona wanaosimama: wanawake, jembe mkononi, mtoto mgongoni. Soni mtaona maporomoko ya maji kando ya barabara. Mkishuka kidogo mkasimama karibu, matone yatawafika usoni. Mkifika Lushoto, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, mtu wa Makorora anatafuta sweta. Chini ya saa mbili mmehama majira ya mwaka!

Ndiyo, sweta. Msiende na madera na kandambili mkadhani mko ufukweni Raskazone. Juni mpaka Agosti usiku wa Lushoto ni baridi kweli kweli. Chukueni soksi, khanga mbili kila mtu, na viatu vya kufunga.

Mtalala Lushoto mjini, si Mombo. Mombo pana gesti, lakini nyingi zimekaa kandokando ya barabara kuu, malori yanapita usiku kucha na joto halishuki mpaka alfajiri. Juu kuna nyumba za wageni za kila kiasi, pamoja na zile za makanisa ambazo huwa safi na tulivu, nao hawabagui dini ya mgeni. Kabla ya kulipa, ingieni chumbani. Jaribuni komeo la ndani. Fungueni bomba. Hesabuni mablanketi. Ulizeni kama maji ya moto yapo na ni saa ngapi. Mkilala wawili wawili mtapunguza gharama, na hakuna atakayelala peke yake na hofu. Mwachieni mtu nyumbani jina la gesti na namba ya gari mliyopanda. Si woga, ni akili.

Asubuhi yake ndiyo ya Irente. Ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa miguu kutoka mjini, kwa wanaoweza. Wasioweza wachukue bajaji au bodaboda. Mchukueni kijana wa kuwaongoza kutoka ofisi ya utalii wa utamaduni iliyopo pale mjini, msimwokote yeyote anayewaita barabarani. Kabla ya kufika mwambani mtapita shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, ambako wanatengeneza jibini, mkate na jamu. Kuleni pale. Mkate ule mweusi mzito si kama boflo yetu, lakini kwa jibini na chai ya moto mtaukumbuka.

Halafu mwamba. Mlima unakatika ghafla, unasimama kwenye jiwe na mbele yako hakuna kitu. Chini, kama mita elfu moja, ni ile nyika mliyoitoka jana. Barabara kuu inaonekana kama uzi. Mabasi yanapita, madogo, hayana sauti. Ndani ya kila moja kuna watu arobaini, hamsini, wamesinzia au wanatazama simu, na hawajui kwamba juu yao kuna mtu anawatazama. Msikaribie ukingo kupiga picha. Pale hakuna ukuta wa kuwazuia, na jiwe likiwa na umande linateleza. Keti chini kwanza, ndipo utazame.

Kijiji kile kilichoko chini yenu ni Mazinde, na hapo nataka mwongozaji wenu awaambie kisa chake, asipowaambia mnacho hapa. Mlima huu ulikuwa ufalme. Watawala wake ni Wakilindi, ukoo wa Mbegha, mwindaji aliyetoka Unguu akapokewa na Wasambaa na kukalishwa kitini. Makao yao yakawa Vuga, huko huko mlimani, si mbali na Soni. Habari zao ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi bin Ali Ajjemy, katika Habari za Wakilindi, kitabu ambacho kila mtu wa Tanga angepaswa kukijua. Kimweri ye Nyumbai alitawala mpaka utawala wake ukafika pwani kwetu. Mmisionari Krapf alimkuta Vuga mwaka 1848, akarudi tena mwaka 1852. Kimweri alifariki mwaka 1862, akamwachia mjukuu wake kiti.

Mwana wa Kimweri, Semboja, hakukubali. Yeye hakukaa mlimani kama wazee wake. Alishuka bondeni, akakaa Mazinde, kwenye njia ya misafara iliyotoka Pangani kwenda Kilimanjaro na Umasaini. Kila msafara ulipaswa kupita kwake, kupumzika kwake, kununua chakula kwake. Kwa biashara ile akapata bunduki, kwa bunduki akavunja nguvu ya Vuga. Vita vya Usambara vikawa vya miaka mingi, na waliotekwa waliteremshwa pwani wakauzwa. Watu, wadogo zangu. Wanawake na watoto walioshushwa kutoka mlima ule ule mliopanda kwa Costa, wakifika kwenye bandari zetu.

Naisema hii kwa sababu watu wanadhani kituo cha njiani ni kitu kidogo. Semboja alijua si kidogo. Anayeshika mahali ambapo msafiri lazima ale na alale, huyo ameshika nchi. Vuga ilikuwa na heshima yote ya kifalme. Mazinde ilikuwa na njia, na njia ikashinda.

Mkiwa na siku ya ziada, nendeni msitu wa Magamba, juu ya Lushoto, mkaone mbega weusi wenye mkia mweupe wakiruka, na miti ambayo watu watatu hawaizungushi mikono. Mkibahatika kuona kwenye mwamba wenye kivuli kiua kidogo cha zambarau, chenye majani ya manyoya, msikichume. Ua hilo lilipelekwa Ulaya na mkuu wa wilaya wa Kijerumani wa hapa Tanga, Baron von Saint Paul, mwaka 1892, na leo linakaa kwenye vyungu madirishani Ulaya na Marekani. Porini limebaki kwenye milima yetu na maeneo machache tu ya jirani.

Kuna watakaosema wanataka wanyama wakubwa. Hao waambieni wapange safari nyingine ya Mkomazi. Mnapita Mombo, mnakwenda mpaka Same, na lango la Zange liko kilomita chache kutoka pale. Ilikuwa pori la akiba tangu mwaka 1951, ikawa hifadhi ya taifa mwaka 2008. Ina vifaru weusi wanaotunzwa ndani ya uzio maalumu, ina mbwa mwitu, na imepakana na Tsavo ya Kenya kiasi kwamba tembo hawajui mpaka uko wapi. Chukueni vitambulisho vya taifa, kwa sababu kiingilio cha Mtanzania ni cha shilingi na ni kidogo sana kikilinganishwa na cha mgeni. Gari lazima liwe la kukodi, kwa hiyo gharama inapanda, na ndiyo maana nasema si ya safari hii.

Sasa nirudi kwa wale waliocheka.

Wengine hawakucheka kwa dharau. Wana hofu ya mambo matatu ambayo hawayasemi kikaoni. La kwanza ni pesa. Hesabu ni nyepesi: nauli ya kwenda na kurudi, kulala usiku mmoja kwa wawili, chakula, mwongozaji, matunda ya kubeba nyumbani. Jumla yake haizidi sana tunachotumia kwa harusi moja ya jirani, ukiweka sare, mchango, saluni na bajaji. Sisemi msichange harusi. Mimi mwenyewe nachanga. Nasema tunazo pesa za kusherehekea mambo ya watu wote, tukijitolea sisi wenyewe usiku mmoja tunaona ni ubadhirifu. Si ubadhirifu.

La pili ni ruhusa. Aliye na mume amweleze mapema, kwa utulivu, si usiku wa kuamkia safari. Mwambie mnakwenda kina nani, mnalala wapi, mnarudi saa ngapi, watoto wanabaki na nani. Mpe namba ya mwenyekiti wa kikoba. Mume mwenye busara akijua yote haya hana cha kuhofia. Akikataa, muulize anahofia nini hasa, kisha jibu hilo, usijibu jingine. Na wewe uliye nyumbani kwa wazazi, mtume shangazi azungumze. Shangazi hakataliwi.

La tatu ni ibada na staha. Swala haiwapiti: Mombo msikiti upo, Soni upo, Lushoto upo, na msafiri ana nafuu yake katika dini. Huko juu watu wana adabu na wanasalimia kwa kirefu. Msipite mbele ya mtu mzima mkicheka bila salamu. Msimpige picha mama aliyebeba kuni bila kumwomba. Yeye si pambo la mlima. Nyama ulizeni imechinjwa na nani, hakuna atakayekasirika.

Na kwako, mdogo wangu uliyeniandikia, nina neno la pembeni. Walipokucheka ulinyamaza. Usifanye hivyo tena. Mtu akitaja jambo ambalo wenzake hawajalifikiria, kicheko ndicho cha kwanza kumfika. Anayevumilia kile kicheko na kurudia hoja yake mara ya pili, ndiye anayesikilizwa. Ulikuwa na sababu zako za kusema Mombo, hata kama hukuzitaja kwenye barua. Labda ni dirishani tu, siku moja unatoka Moshi, ukauona ule mlima ukatamani kujua kuna nini juu yake. Hiyo ni sababu ya kutosha. Huhitaji kibali cha mtu kutamani kuijua nchi yako, tena mkoa wako mwenyewe, ambao Mzungu anavuka bahari kuja kuutazama na sisi tunaupita tumelala.

Zanzibar itakuwepo. Kariakoo nayo haihami. Lakini kikoba cha wanawake wa Makorora ambacho hakijawahi kusimama Irente kikaiona Mazinde kwa juu, hicho kina deni.

Kwa hiyo kaeni Jumapili hii, mchague mweka hazina wa safari, mkusanye nauli kabla ya mwisho wa mwezi, na mkubaliane tarehe nje ya masika. Mtoeni mmoja apige simu Lushoto kuulizia vyumba. Mkirudi, nileteeni maplamsi.